Msiusingizie Utani

Khaa! Kuna kauli moja ambayo ikitolewa kijiweni kwetu Magomeni, nasonya kabla msemaji hajafika mwisho: "Ule ni utani wa mpira, bwana." Huja kila inapozunguka kwenye simu klipu ya mashabiki wa Ulaya wakimtolea mchezaji mweusi milio ya nyani. Hakosi wa kuwatetea, na mara nyingi ni kijana wetu mwenyewe, kavaa jezi ya klabu ya Hispania au Italia aliyoinunua Kariakoo. Atasema mchezaji avumilie, mpira una presha, wazungu ndivyo walivyo, na isitoshe hata sisi Simba na Yanga tunasemana. Juzi hoja hiyo imetolewa tena. Naijibu hapa kwa kirefu, maana kijiweni hakuna anayeachiwa amalize anachosema.

Tuanze na Simba na Yanga, kwa kuwa ndiko wanakokimbilia. Yanga ni ya mwaka 1935, Simba ikafuata 1936, na tangu hapo hawajaacha kusemana. Shabiki wa Yanga ameitwa kandambili, ameitwa chura kwa ajili ya maji yanayojaa Jangwani mvua ikinyesha, ameitwa utopolo. Wa Simba ameitwa mikia, ameitwa kolo, ameitwa mbumbumbu, neno ambalo aliyekuwa mwenyekiti wao Ismail Aden Rage aliwarushia wanachama wake na watani wakaliokota lingali la moto. Simba walipopigwa 5-1 tarehe 5 Novemba 2023, fundi cherehani wa hapa kijiweni, Simba wa damu, alinunulishwa kahawa ya benchi zima. Alilipa. Na huku anahesabu chenji akawakumbusha ile 5-0 ya Mei 2012, na wazee wa Yanga wakakohoa maana walijua 6-0 ya 1977 iko njiani. Hapo ndipo penye utani. Neno linakwenda na neno linarudi. Leo wewe, kesho mimi. Linalosemwa ni mabao, ni klabu, ni maji ya Jangwani. Hakuna pale aliyeambiwa kwamba yeye si mtu.

Sasa nendeni Mestalla, tarehe 21 Mei 2023, Valencia na Real Madrid. Tafuteni ile klipu, mzime sauti ya mtangazaji, mtazame tu. Vinícius Júnior, kijana wa miaka 22, yuko karibu na goli kipindi cha pili. Anasimama. Anageukia jukwaani na kunyoosha kidole: yule, yule pale. Anamwita mwamuzi aje aone. Wenzake wanamshika, wachezaji wa Valencia nao wanamshika, kila mtu anamtuliza yeye. Jukwaani hakuna anayetulizwa. Mpira unasimama kwa dakika kadhaa, tangazo linasomwa kwenye vipaza sauti, mpira unaendelea. Dakika za nyongeza kunazuka vurugu, Hugo Duro wa Valencia anamkaba shingo kwa nyuma, Vinícius anajinasua na mkono wake unampata Duro usoni. VAR inamwita mwamuzi. Anaonyeshwa mkono wa Vinícius. Ule uliomkaba shingo haonyeshwi. Kadi nyekundu. Waliomwita nyani wamebaki wamekaa kwenye viti walivyolipia, na aliyeitwa nyani katolewa nje.

Ile kadi ilifutwa siku chache baadaye, kwa sababu hiyo hiyo ya mwamuzi kuonyeshwa nusu ya tukio. Kule Rio de Janeiro walizima taa za sanamu ya Kristo kwa saa moja kumuunga mkono kijana wao. Na Valencia? Walipigwa faini ya euro 45,000 na jukwaa moja kufungwa mechi 5, kisha wakakata rufaa ikashuka hadi euro 27,000 na mechi 3. Klabu ya Ligi Kuu ya Hispania, euro 27,000! Pesa hiyo haimfikishi nyota wa Ulaya hata mwisho wa wiki. Nasonya tena.

Kilichonipa moyo kilitoka mahakamani. Juni 2024 mashabiki 3 walihukumiwa kifungo cha miezi 8 na kuzuiwa kuingia uwanjani kwa miaka 2. Hispania haikuwahi kumtia mtu hatiani hivyo kwa ubaguzi wa uwanjani. Jela hawakwenda, kwa kuwa kule kifungo kifupi cha mtu asiye na kosa la zamani kwa kawaida husitishwa, lakini hatia imeandikwa kwa jina la kila mmoja wao. Tofauti yake na faini ya klabu ni kubwa. Faini inalipwa na mhasibu. Hukumu inamfuata mtu mpaka nyumbani, na mkewe anaijua, na bosi wake anaijua.

Dereva wetu mmoja wa bodaboda, mtu ninayemheshimu kwa jinsi anavyoujua mpira, alinikatiza hapo. "Lakini kaka, na yeye ni mchokozi. Akifunga anacheza dansi. Na siku ile wakati anatoka aliwaonyesha vidole viwili, kwamba mnashuka daraja la pili." Ni kweli, aliwaonyesha. Na hapo ndipo mwenzangu alipojifunga mwenyewe. Vile vidole viwili ndio utani! Valencia walikuwa wanachungulia shimo la kushuka, naye akawatia kidole kwenye kidonda cha mpira. Shabiki wa Valencia anayo njia ya kumjibu: timu yake ibaki ligi kuu, msimu ujao amsubiri na vidole vyake. Walibaki kweli. Sasa niambieni, mtu aliyeitwa nyani anajibu nini? Afunge mabao 3 ndipo aonekane mtu? Hakuna matokeo ya uwanjani yanayolipa neno lile, kwa sababu halikusemwa kuhusu mpira.

Na hao wanaosema "anajitakia" wajue kwamba Januari mwaka ule ule, kabla ya mechi ya Real na Atlético, kuna watu walitengeneza mwanasesere, wakamvika jezi ya Vinícius, wakamning'iniza kwa kamba shingoni kwenye daraja mjini Madrid. Hakuwa amecheza dansi mbele ya mtu yeyote asubuhi ile.

Twende Italia, maana kule utetezi umeandikwa hadi barua. Tarehe 1 Septemba 2019, Romelu Lukaku, mtoto wa Roger Lukaku aliyeichezea Zaire, alikwenda Cagliari na Inter. Akapiga penalti, akafunga, milio ya nyani ikaanza. Alibaki pale mbele ya lile jukwaa amewakazia macho. Baada ya siku chache, kundi la mashabiki wa Curva Nord wakamwandikia barua ya wazi wakimweleza kwamba amekosea kuwaelewa. Kwamba Italia ile milio si ubaguzi, ni mbinu ya kumtia wasiwasi mpinzani, na wao pia huifanya. Curva Nord ni mashabiki wa nani? Wa Inter. Wa timu yake mwenyewe! Mtu umemfungia bao la ushindi, halafu anakufundisha namna ya kulisikia tusi ulilotukanwa wewe. Na Cagliari hawakuadhibiwa.

Kama shida ni kumtia mpinzani wasiwasi, njia ziko tele. Mpigie miluzi. Mwimbie penalti aliyokosa msimu uliopita. Mwambie kitambi kinamtangulia golini. Mbona beki mzungu hatolewi milio ile, hata awe na wasiwasi kiasi gani? Wanajua wanamchagua nani na kwa nini wanamchagua. Wanachokitafuta ni ruhusa ya kusema kisha wasiulizwe.

Meksiko nako wamelishikilia lao miaka na miaka. Kipa wa wageni akipiga mpira wa goli, uwanja mzima humpigia kelele za tusi wanalotukanwa mashoga. Ukiwauliza, watakwambia hawamaanishi hivyo, ni mazoea ya uwanjani. FIFA imewapiga faini mara nyingi, imewafungia milango mashabiki, na Juni 2023 kule Las Vegas, mechi yao na Marekani ilifikia mahali mwamuzi Iván Barton akapuliza filimbi ya mwisho kabla dakika za nyongeza hazijaisha. Mazoea hayo yanaigharimu timu yao wenyewe, na bado wanayatetea.

Wimbo wa jukwaani haubaki jukwaani, na hili wengi wetu hatuliangalii. Waargentina walikuwa na wimbo wao tangu Kombe la Dunia la Qatar 2022, wa kuwakejeli wachezaji wa Ufaransa kwa asili zao za Afrika, na Mbappé humo ndani kasemwa yeye na wazazi wake. Wakati ule ulikuwa wimbo wa mashabiki, watu wakasema ni kelele za walevi. Julai 2024 Argentina wakabeba Copa América, Enzo Fernández akawasha simu mubashara kwenye basi la timu, na dunia nzima ikawasikia mabingwa wakiuimba. Huyu ni mtu aliyekuwa anavaa jezi moja na Wafaransa weusi pale Chelsea, anakula nao, anawapa pasi. Wesley Fofana alitoka hadharani akauita ubaguzi. Shirikisho la Ufaransa likalalamika FIFA. Enzo akaomba radhi. Na kule kwao, ofisa wa serikali wa michezo, Julio Garro, aliposema kwamba nahodha Messi naye aombe radhi, alifukuzwa kazi, huku makamu wa rais wa nchi akisimama upande wa Enzo. Umeona safari ya wimbo? Umetoka kwa shabiki asiye na jina, umepita basi la mabingwa, umefika ikulu. Ungezimwa Qatar, Fofana asingelazimika kumsikia mwenzake akiimba kwamba Ufaransa si kwao.

Nimesema sana juu ya weusi wetu, lakini hapa kijiweni limo jingine la matusi ya jukwaani ambalo hatuna pa kujificha, kwa kuwa tumejaa Manchester United na Liverpool tele. Tarehe 6 Februari 1958 ndege iliyowabeba Manchester United ilianguka Munich ikijaribu kuruka, wakafa watu 23, wachezaji 8 miongoni mwao. Tarehe 15 Aprili 1989 mashabiki wa Liverpool walibanwa Hillsborough, na idadi ya waliokufa imefikia 97. Familia zao zilisubiri hadi mwaka 2016 baraza la mahakama litamke kwamba waliuawa isivyo halali na kwamba mashabiki hawakuwa na lawama. Hayo ni makaburi. Na kuna wanaoyaimba. Wapo wanaonyoosha mikono kama mabawa ya ndege kuigiza Munich. Juni 2023, fainali ya Kombe la FA pale Wembley, alikamatwa mtu aliyevaa jezi yenye namba 97 na maneno ya kusema hawakutosha. Alipigwa faini ya pauni 1,000 na kufungiwa viwanja miaka 4. Miezi mitatu kabla, Jürgen Klopp na Erik ten Hag, wakati huo makocha wa timu hizo mbili zinazochukiana kuliko zote kule, walitoa kauli ya pamoja kuwasihi watu wao waache.

Wazungu wanaita hilo ushindani. Huku kwetu tunao ushindani, na tunao utani wa kweli wenye masharti yake, nao unafika makaburini kwa namna nyingine kabisa. Wangoni na Wahehe walipigana vita vya damu karne ya 19, na leo ni watani. Nendeni kwenye msiba ambao watani wamefika. Mtani atalalia mkeka wa marehemu, ataiga alivyokuwa akitembea, atashuka kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe chochote, na wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Lakini huyo huyo kabla ya mchezo wake ameshika jembe. Amechimba, amebeba maji, amepika. Ruhusa ya kusema lolote ameinunua kwa jasho. Yule fundi cherehani wetu alipofiwa na mama yake, aliyefunga turubai alfajiri ni muuza kahawa, Yanga wa kufa, yule yule aliyemnunulisha kahawa ya 5-1. Aliyeimba Munich alichimba kaburi la nani?

Nikawauliza pale: tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa na mamia ya watu, na wengi wamelala Igoma. Nani kati yenu anaweza kusimama uwanja wa Kirumba akaigiza meli inazama ili kumuudhi shabiki wa timu ya Mwanza? Benchi lilikaa kimya, na si kimya cha kushindwa hoja. Mmoja wao alipoteza mjomba kwenye meli ile. Basi iangalieni na Hillsborough kwa jicho hilo, kwa sababu kwa watu wa Liverpool ni kitu hicho hicho, na baadhi ya mama wa waliokufa wako hai.

Sasa afanye nini mchezaji? Hapa ndipo kijiwe kilipogawanyika. FIFA ina hatua tatu: mwamuzi anasimamisha mechi na tangazo linasomwa, yakiendelea timu zinaingia vyumbani, yakiendelea tena, mechi inavunjwa. Mwezi Mei 2024 pale Bangkok wakaongeza ishara ya kukunja mikono kwa kuipishanisha, mchezaji amwonyeshe mwamuzi. Dereva wa bodaboda anasema hatua hizo zinatosha, na kwamba timu ikiondoka uwanjani inawapa wahuni ushindi: kesho watamtukana mtu ili mechi iharibike wapate pointi. Ni hoja nzito, siidharau. Ndiyo maana kanuni lazima iseme wazi kwamba pointi zinapotea kwa wenye jukwaa lililotukana.

Lakini angalieni historia ya kumtaka mtukanwaji avumilie. Marc Zoro wa Ivory Coast, akiwa Messina mwaka 2005, aliuchukua mpira mkononi akataka kutoka. Wapinzani wake weusi wa Inter, Adriano na Martins, ndio waliomsihi abaki. Alibaki. Februari 2006 Samuel Eto'o alitaka kutoka pale Zaragoza, wakamshika kila upande, akabaki, na Zaragoza ikalipa euro 9,000. Miaka ikapita, milio ile ile. Januari 2013 Kevin-Prince Boateng akaupiga mpira jukwaani katika mechi ya kirafiki kule Busto Arsizio, akavua jezi akaondoka, na Milan nzima ikamfuata. Mechi ikaishia pale. Nami nasema yule alikuwa sahihi kuliko wote waliombembeleza Zoro. Watu walipenda kumtofautisha kwa kuwa ile ilikuwa kirafiki, haina pointi. Basi Januari 2024 ikaja yenye pointi: Mike Maignan, kipa wa Milan pale Udine, alimwambia mwamuzi, kisha akatoka, wenzake nyuma yake. Walikaa ndani dakika chache, wakarudi, wakashinda 3-2. Ninachokipenda katika matukio haya mawili ni wale waliofuata nyuma. Mtu mweusi akitoka peke yake ataitwa mlalamishi. Wakitoka 11, mwenye televisheni anapiga simu.

Sasa mnasema haya ni ya Ulaya. AFCON ya mwaka 2027 inakuja kwetu, Tanzania, Kenya na Uganda. Na majukwaa yetu hayana usafi wa kuwasuta wengine. Hatuna milio ya nyani, ila mwamuzi akikosea kuotea tunamtaja mama yake kwa viungo vyake, maelfu kwa sauti moja, na watoto wamekaa mabegani mwa baba zao. Mchezaji akiwa mweusi sana tunamcheka kwa weusi wake, sisi hawa hawa tunaolia na Vinícius. Dada anayetuuzia mihogo hapa kijiweni ni mpenzi wa mpira hasa, anakijua kikosi cha Taifa Stars mpaka wa akiba. Aliniambia aliacha kwenda Uwanja wa Benjamin Mkapa kwa sababu mwanawe wa kiume alirudi nyumbani na wimbo, akamwimbia dada yake. Hakunitajia maneno yake, na mimi sikumuuliza, nayajua.

Yeyote aliyewahi kukaa na mashabiki wenye ngoma na matarumbeta anajua wimbo unavyozaliwa. Mmoja anaanza, watano wanapokea, mpiga ngoma anaupa mdundo, na baada ya dakika moja jukwaa zima linao. Mpiga ngoma akinyamaza, unafia kwa wale watano. Kwa hiyo sisubiri TFF wala CAF waje na mabango yao ya maadili. Matawi ya Simba na Yanga yapo kila mtaa, yana wenyeviti, yana daftari la wanachama, na hizo ngoma zina wenyewe wanaojulikana. Fundi cherehani atalipeleka jambo hili tawini kwake, muuza kahawa kwake: tusi la mama, la rangi, la msiba likianza, ngoma inawekwa chini hadi likome, na aliyelianzisha anatajwa kwenye kikao. Dereva wa bodaboda anasema haitawezekana siku ya derby. Tumekubaliana kwamba derby ijayo atakaa na sisi, pembeni ya ngoma.